Mwalimu Nassibu wa Darasa la Watani

Ni mwaka mmoja sasa, Nassibu, tangu utuachie swali ubaoni bila jibu. Uliliandika Alhamisi jioni, ukawaambia wanafunzi wako mtalimalizia kesho. Kesho yake ukaenda msikitini kwa miguu yako, ukarudishwa na watu. Madaktari walisema ni moyo. Hatukubishana nao, ingawa sisi tuliokuwa nawe tunajua kwamba katika vyote ulivyokuwa navyo, moyo ndio uliokuwa mzima kuliko vingine.

Hatukuandikii ili tulie. Kulia tumelia, na akiba imebaki. Tunakuandikia kwa sababu uliondoka kabla ya matokeo, na tunakujua wewe na matokeo. Wewe ndiye uliyekuwa ukimpigia simu mtu wa Masasi kumuuliza kama mtoto wake amefaulu, mtoto mwenyewe hujawahi kumwona. Basi tulia huko uliko, tukupe habari. Kalamu ameishika binti yako Farida, maneno ni yetu sote, na mtani wako Mzee Gervas amekaa pembeni anaingilia kila sentensi kama kawaida yake.

Wapo watakaosoma haya bila kukujua, kwa hiyo utuvumilie tukitaja mambo unayoyajua. Mwalimu Nassibu Shomari Kondo, Mzaramo wa Kisarawe kwa baba na mama, asubuhi alifundisha watoto shule ya msingi, na kuanzia saa kumi jioni akafundisha watu wazima barazani kwake, Mbagala Kizuiani. Walikuja mama lishe, vijana wa bodaboda, dada wa saluni, wachinjaji wa Vingunguti ambao ilibidi waoge kwanza ndipo wenzao wawasogelee, na mchonga vinyago mmoja aliyekatiza mji mzima kutoka Mwenge. Waliishia darasa la saba, wengine hata halikuisha. Wewe ukawaandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule ambao kila mtu anauita QT, na waliovuka hapo ukawapeleka mpaka kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea.

Ubao ulikuwa ukuta wa nyumba. Mkeo Naima ndiyo kwanza alikuwa ameupaka rangi ya njano aliyoichagua mwenyewe, akaenda kwao kusalimia, akarudi akakuta nusu ya ukuta ni nyeusi tii.

"Nimeolewa na mwalimu," alisema. "Sikujua kwamba na nyumba nayo itaajiriwa."

Ukaandika kwa chaki, kwa ule mwandiko wako mzuri: *Karibu darasani, mke wangu.* Naima akafuta kwa upindo wa kanga, akaandika chini yake: *Leo hakuna chakula.* Mlikula, lakini kwa kuchelewa sana. Mpaka leo Naima akiupita ukuta ule anaugusa kidogo, kisha anajifanya anafuta vumbi.

Tunakumbuka mifuko ya mashati yako, yote myeupe kwa chaki hata shati likiwa la Idi. Tunakumbuka karafuu uliyoiweka shavuni ukifundisha. Tunakumbuka ulivyokuwa huwezi kupita duka lenye kibao kilichokosewa bila kuingia na kumweleza mwenye duka, kwa adabu zote, mpaka wengine wakawa wakikuona kwa mbali wanafunga mlango.

Lakini kilichokufanya uwe wewe ni utani. Ulituambia mara nyingi kwamba mtu mzima haogopi swali, anaogopa kuchekwa. Mama mwenye wajukuu akikosea mbele ya kijana wa rika la mwanawe, kesho haji tena. Kwa hiyo mwanafunzi mpya akija, hukumuuliza ameishia darasa la ngapi. Ulimuuliza, "Kabila gani wewe? Mtani wako nani?" Ukamketisha hapo hapo. Mngoni ukamweka na Mhehe, Mpare ukamweka na Mchaga. Na sheria ikawa moja: kosa la mtu atalicheka mtani wake peke yake, wengine wote kimya. Maana mtani akikucheka hukasiriki, na hata ukikasirika hakuna wa kukuhurumia. Wageni walidhani hapa pana kilabu cha pombe kwa kelele zilivyokuwa, kumbe watu wanafanya hesabu za sehemu.

Sasa tufike kwa dada yako Mwamvita, maana habari tunayokuletea ni yake.

Dada Mwamvita ndiye aliyekulea. Mama alipofariki wewe ulikuwa bado wa mgongoni, yeye ametoka kumaliza darasa la saba. Shule ikaishia hapo. Ukubwani akapata kazi ya kupika uji kwenye chekechea moja hapa hapa Mbagala, na watoto wakamwita Bibi Uji. Wakilia, wanakimbilia jikoni kwake. Mwenye chekechea, Mama Eliaichi, akamwambia siku moja, "Dada, ungekuwa na cheti cha fomu foo, mie ningekupeleka chuo cha walezi kesho asubuhi. Hawa watoto ni wako tayari."

Neno lile likamwingia, likakaa. Alitaka kuwa mwalimu wa watoto wadogo, na hakumwambia mtu. Tatizo lilikuwa moja tu: mwalimu wa watu wazima aliye karibu ni wewe.

"Mie nimemwosha huyu," alimwambia Naima. "Nimemfunga nepi kwa mikono hii. Leo anisimamishe ubaoni?"

Akaenda kujiandikisha Mabibo, mbali kabisa, akatuaga kwamba anafuata ndizi sokoni. Akawa anakwenda Mabibo jioni kwa jioni, na ndizi hatuzioni. Nyumbani tukawa tunamsikia anaosha vyombo huku anajisemea Kiingereza. Ukamwachia, ukamwachia, mwisho ukashindwa.

"Dada, ndizi za Mabibo siku hizi zinauzwa kwa Kiingereza?"

Alikununia kwelikweli. Lakini kule Mabibo mwalimu alikuwa anakimbia sana na hakuna aliyemjua mwenzake, na jioni moja tukamwona anaingia barazani amebeba kigoda chake mwenyewe, akakiweka nyuma kabisa, akaketi kama mtu aliyekuja kusuluhisha ugomvi. Ulimtazama, ukaendelea kuandika. Baadaye ukamhamishia karibu na mtani wake, Mzee Gervas, Mnyamwezi, fundi baiskeli, mtu mkubwa kuliko wote darasani na asiyeogopa kiumbe.

Hapo ndipo vita vya shikamoo vilipoanza. Desturi ya darasa ilikuwa mwalimu akiingia wote wanasimama, wazee kwa vijana: "Shikamoo, mwalimu!" Mzee Gervas mwenyewe alisimama, akasema yeye anaiamkia chaki, siyo mtu. Mwamvita hakusimama. Alikaa kwenye kigoda chake, mdomo ameufunga, macho kwako. Nawe hukumlazimisha. Uliwaitikia wengine, ukaweka vitabu chini, ukapita katikati ya watu mpaka kwenye kile kigoda, ukainama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," anasema yeye, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Ndipo somo linaanza. Mlifanya hivyo kila siku ya darasa, miaka yote, mpaka wanafunzi wapya wakadhani ni sehemu ya mtaala.

QT aliivuka, kwa shida lakini aliivuka. Kwenye maandalizi ya kidato cha nne Kiswahili kilikuwa mteremko kwake, historia aliihadithia kama umbea, lakini hisabati ilimkalia kooni. Siku aliyopata sifuri kwenye jaribio lako, Mzee Gervas alicheka mpaka akatoka nje kutafuta hewa. Mwamvita akafunga daftari, akasema basi, yeye na namba hazikuandikiwa kukutana.

Wewe ukasema, "Dada, tuwekeane ahadi. Ukifaulu hisabati, siku hiyo utasimama uniamkie kama wenzio."

"Nikifaulu hisabati nitakuamkia mpaka uchoke," akajibu. Alikuwa na hakika kwamba haitatokea.

Halafu ukaondoka.

Kwenye matanga yako, Nassibu, watani walitutendea haki. Kabla hatujajua tuanze na lipi, Mzee Gervas alikuwa ameingia ndani, akatoka amevaa miwani yako, chaki sikioni, akaanza kupita kati ya waombolezaji akisahihisha vilio vyao. "Wewe mama, umelia vizuri, lakini umerudia sentensi. Wewe kijana, huko si kulia, ni kukohoa. Kaa chini." Akakohoa kama wewe, akahamisha karafuu shavuni kama wewe. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, na Naima akacheka pia, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea siku ile. Kisha akakataa kurudisha miwani. Mtani akichukua kitu msibani ni chake, tukamwachia.

Aliyeshindwa kucheka alikuwa Mwamvita. Alirudi kwenye uji wake, akasema masomo yameisha. "Nisome nimsomee nani? Aliyekuwa ananifundisha yuko chini ya udongo." Mtihani ulikuwa unakaribia, na ada ilikwisha kulipwa na wewe mwenyewe bila kumwambia. Sisi tulimbembeleza. Kadiri tulivyombembeleza ndivyo alivyozidi kukoroga.

Kuna maneno ambayo ndugu hawezi kusema, wala jirani. Mtani anaweza. Mzee Gervas alimfuata jikoni chekechea, akasimama mlangoni.

"Mzaramo! Mtani wangu kafa, tumemzika. Na wewe mbona umejizika mwenyewe, tena kwenye sufuria?"

Alimrushia mwiko. Ukampata begani. Mzee Gervas akaokota, akaufuta, akamrudishia kwa mikono miwili. "Kesho saa kumi," akasema. "Uje na kigoda."

Akaja. Darasa lilikuwa limeshikwa na Wilbert, yule mwanafunzi wako wa zamani ambaye sasa naye ni mwalimu, na Wilbert alikuwa na kazi ngumu: swali lako lilikuwa bado ukutani na hakuna aliyethubutu kulifuta. Unalikumbuka? Ngazi imeegemezwa ukutani, urefu wake unajulikana, umbali kutoka kitako cha ngazi mpaka ukutani unajulikana, tafuta ngazi imefika juu kiasi gani. Wote wakawa wanalitazama kama picha ya marehemu. Mwamvita akainuka, akachukua chaki, akalimalizia peke yake, kimya, mstari kwa mstari. Akaweka jibu, akalipigia mstari chini.

Mzee Gervas akasogeza miwani yako puani.

"Mzaramo, ngazi ya mita tano imefika juu zaidi ya mita tano! Huyo fundi ameipanda vipi? Ilipoishia ngazi akaruka?"

Alikuwa amejumlisha badala ya kutoa. Akatazama ubao, akatazama ngazi yake isiyoweza kufika kule juu kwa akili yoyote ile, kisha tukasikia kitu ambacho hatukukisikia tangu msiba: Mwamvita anacheka. Akacheka mpaka akaegemea ukuta, na darasa lote likavunja sheria yako likacheka naye. Tusamehe kwa hilo. Wakalirudia swali pamoja, likatoka sawa, na jibu likaachwa hapo hapo ukutani.

Sasa sikiliza ya mtihani wenyewe, maana hii ungeikosa ungetudai.

Kwenye arobaini yako, wanafunzi walinunua kanga za sare. Nyekundu, katikati mji wa maua, na chini imeandikwa ULIYOTUFUNZA TUNAYO. Mzee Gervas naye alidai yake, akajifunga shingoni. Asubuhi ya mtihani wa hisabati wakakubaliana wote wavae, wewe uwasindikize. Wakatoka Kizuiani wamependeza kama wanakwenda kumchukua bibi harusi, wakafika getini kwenye kituo cha mtihani, wakakutana na msimamizi, kijana mmoja mwembamba mwenye shati lililonyooshwa likanyooka.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, baba."

"Samahanini. Hizo nguo zina maandishi. Maandishi hayaingii chumba cha mtihani."

Kina mama wakatazamana. Katika maandalizi yote, kalamu mbili mbili, rula, vitambulisho, hakuna aliyefikiria hilo. Nani anafikiria kanga ni maandishi? Kanga ni kanga.

"Mwanangu, hii siyo kitabu, hii kanga," akasema mmoja.

"Naiona, mama. Imeandikwaje?"

Yule mama akajisahau, akasoma kwa sauti ya darasani, "Uliyotufunza tunayo!"

"Hayo hayo ndiyo ninayoyaogopa," akasema msimamizi, na tunasikia kwamba hata yeye alijikaza asicheke.

Wengine wakaanza kuvua. Dada Mwamvita akazishika pembe za kanga yake kifuani. "Mie siivui. Hii ya ndugu yangu. Kama haingii, na mie siingii." Na hakuwa anatania. Watu wa vyumba vingine walikuwa wameshaketi. Miaka yake yote ya Mabibo bila ndizi, kigoda, sifuri, mwiko, ilikuwa imesimama pale getini kwa ajili ya kitambaa, na wenzake wakaona anaweza kweli kugeuka arudi nyumbani.

Mzee Gervas akajifungua ya kwake shingoni kwanza. Akaenda kwenye ua la michongoma linaloizunguka shule, akaitandaza juu, akainyoosha vizuri maandishi yatazame madirishani.

"Mzaramo, njoo," akasema, safari hii bila mzaha. "Tumweke hapa. Hapa anatuona."

Wakaja wote, mmoja mmoja, wakatandaza, ua zima likawa jekundu. Mwamvita akaja mwisho, akabaki na baibui lake. Akaitandaza yake kando ya ile ya Mzee Gervas, akabana pembe kwenye miiba isipeperuke. Msimamizi akamwambia, "Nenda tu, mama. Nitaziangalia mwenyewe."

Ndani, karatasi yenyewe kwa Kiingereza, kichwa cha Mwamvita kikawa kitupu kama sufuria ya uji iliyooshwa. Alitusimulia hivyo mwenyewe. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akatazama nje, akaziona kanga zinavyopumua kwa upepo kule michongomani. Haikumjia kanuni yoyote. Akarudisha macho kwenye karatasi, akasoma tena polepole neno kwa neno, na hapo akaliona neno la Kiingereza la ngazi.

Ngazi, Nassibu! Imeegemezwa ukutani! Kwa namba nyingine, lakini ngazi ni ile ile. Akacheka peke yake, msimamizi wa ndani akamkazia macho. "Nilimwona Mnyamwezi na miwani yake," anasema, "nikajiambia, leo fundi wangu haruki." Akatoa, hakujumlisha. Ngazi ikafika inapotakiwa kufika. Baada ya hapo mkono ukapata joto, akatafuta mengine anayoyajua, na aliyeingia akitetemeka akatoka akiulizia maji ya kunywa.

Matokeo yalitoka Januari. Farida alikuwa na simu, sote tumemzunguka, Mwamvita ameketi mbali kidogo anachambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa. Farida akasoma Kiswahili, akasoma historia, akasoma uraia. Akaisogeza simu karibu na macho.

"Soma," akasema Mwamvita.

"Shangazi, hisabati D."

"D ndiyo nini?"

"D ni kufaulu, shangazi. Umefaulu hisabati."

"Rudia."

Farida akarudia. Mwamvita akaweka ungo chini, akaingia chumbani, akafunga mlango. Tukadhani analia, na pengine alilia. Alipotoka aliuliza jambo moja tu: "Na Mnyamwezi?"

Mzee Gervas alikuwa amepata F ya hisabati. Hana habari nayo. Anasema yeye aliingia kumsindikiza mtu, na amekwisha kujiandikisha tena mwaka huu. Mwamvita alimcheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna heri gani, na hakuna aliyemzuia, maana haki ile ulimpa wewe.

Chuo cha walezi kimempokea. Asubuhi anashika darasa lake la chekechea, mchana yuko chuoni, na Jumapili anakuja barazani kuwafundisha wapya Kiswahili. Watoto wa chekechea wamegoma kubadili jina, kwa hiyo sasa wanamwita Mwalimu Bibi Uji. Mama Eliaichi amemwambia jikoni ametafutwa mtu mwingine.

Ila kuna kitu hakukitimiza, Nassibu, nasi tuliona aibu kwa niaba yake. Ahadi. Miezi ikapita.

"Mzaramo, dawa ya deni kulipa," Mzee Gervas akawa anamwambia kila wakikutana.

"Nimlipe nani? Niuamkie ukuta? Mtaniita kichaa." Akawa anazunguka. Akija darasani anahakikisha amechelewa, wenzake wakishaamkia ndipo anaingia. Lakini tulimwona anavyoutazama ule ukuta, na tulijua kwamba deni linamkaa moyoni.

Jumapili iliyopita tulikuwa wote barazani, tunapanga mambo ya hitma yako. Wilbert akaingia, darasa likasimama, "Shikamoo, mwalimu!" Akaitikia, wakaketi. Kigoda nyuma kikalia kidogo. Mwamvita alikuwa amesimama. Amevaa ile kanga, ameinyoosha mabegani.

"Wilbert, baba," akasema, "hebu sogea pembeni kidogo."

Wilbert akasogea. Ukabaki ukuta, na ngazi, na jibu lake.

"Shikamoo, mwalimu."

 Kwetu shikamoo haiachwi hewani, unajua. Hata mtoto mchanga akiamkiwa kwa mzaha, mama yake humwitikia. Sote tulitafuta sauti, hatukuipata. Naima alikuwa ameshika mdomo kwa kanga.

Mzee Gervas akainuka. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa. Akakohoa kile kikohozi chako, akahamisha karafuu ambayo hakuwa nayo.

"Marahaba, mwanafunzi," akasema kwa sauti yako. "Umechelewa, lakini umefika."

Tukadhani ataishia hapo na watu watacheka. Hakuishia hapo. Mzee Gervas ni mtu ambaye mtaa mzima unamwamkia na yeye hana wa kumwamkia, maana wakubwa zake wote wametangulia. Akapita katikati ya watu, polepole, mpaka kwenye kile kigoda, akainama kama ulivyokuwa ukiinama.

"Shikamoo, dada."

Mwamvita alimtazama. Machozi yakashuka, hakuyafuta.

"Marahaba, Nassibu," akasema. "Marahaba, baba. Haya, endelea na somo."

Na somo likaendelea.

Hayo ndiyo matokeo, mwalimu. Tunakuombea kaburi lako liwe na nuru, na Mola akupe makazi mema. Hitma itasomwa nyumbani Kizuiani, Jumamosi hii baada ya sala ya alasiri. Waliofaulu waje, na watakaofaulu waje. Chakula safari hii kipo, Naima amesema iandikwe.

Wanaokukumbuka ni mkeo Naima, watoto wako Farida na Mudathir, dada yako na mwanafunzi wako Mwamvita, Wilbert na darasa zima, na mtani wako Gervas, aliyetaka jina lake liwe la mwisho ili aseme yeye ndiye mwenye kufunga mlango.

Daima tutakukumbuka, Nassibu. Ukuta hatujaupaka rangi, na ngazi yako imefika juu.